Uzoefu wangu: kuzunguka Ziwa Duluti na marafiki

Kama kwenye kundi lenu kuna yule anayesema "mimi na milima hapana", mpelekeni Duluti. Sisi tulikuwa naye, kavaa raba nyeupe, na ndiye aliyetangulia mbele muda wote.

Ziwa hili ni kreta ya volkano iliyojaa maji, chini ya Mlima Meru, pale Tengeru, kilometa kama 14 kutoka Arusha mjini ukielekea Moshi. Daladala za Usa River zinakushusha Tengeru. Kutoka barabarani mnaweza kutembea au kupanda boda, ila pataneni bei kwanza. Ya kwangu ilipanda tukiwa njiani. Msitu uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kiingilio kinalipwa getini, na Mtanzania halipi sawa na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho.

Njia inafuata ukingo wa ziwa na karibu yote iko kivulini. Hakuna mlima wa kukukata pumzi. Cha kuangalia ni mizizi, imetambaa njia nzima, na mvua ikishanyesha udongo unateleza kweli kweli.

Hela niliyoitoa kwa moyo mweupe ni ya mwongozaji. Bila yeye tungempita kenge mkubwa tu aliyelala kwenye gogo lililoangukia majini, rangi moja na gome, mkia unagusa maji. Tulimtafuta kwa macho hadi ulimi ukachomoza, ndipo wote tukamwona kwa mpigo. "Msisogee, atajirusha," akatuambia. Mwenzetu akasogea apate picha. Alichopata ni picha ya gogo. Tumbili na ndege hutahitaji kuoneshwa, utawasikia mwenyewe, japo mdiria anapita juu ya maji kasi kiasi kwamba ukigeuka hayupo.

Kuogelea sahau, kingo zinashuka ghafla. Ukitamani kuwa majini kuna mitumbwi ya kukodi. Sisi hatukupanda, siwezi kuisemea.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa sababu ya wageni wenzetu: chupa za plastiki kwenye sehemu ya kupumzikia, na kundi moja lililokuja na spika kubwa msituni. Jamani, kenge naye ana masikio.

Nendeni Jumamosi asubuhi, mkitoka mpitie soko la Tengeru, parachichi na ndizi za kumwaga. Mwenye kupenda historia aulizie makaburi ya Wapolandi. Kuanzia 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, palikuwa na kambi ya maelfu ya wakimbizi wao hapo Tengeru, wengi wanawake na watoto. Maji ya kunywa bebeni kabisa kutoka barabarani, na chupa mrudi nazo.