Programu ya Kuunganisha Picha Kuwa PDF Moja: Ipi Uitangulize

Kila msimu wa maombi ya ajira na mikopo ya elimu ya juu, steshenari yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, hupokea vijana wenye picha saba au nane za vyeti kwenye simu, nao wametakiwa kupakia faili moja tu ya PDF. Wengi huniuliza wanunue programu gani. Kwa kazi hii hakuna haja ya kutoa fedha. Kinachostahili kupimwa ni iwapo programu inafanya kazi bila bando, iwapo inaziacha kurasa katika mpangilio uliotaka, na iwapo haigongi nembo yake juu ya cheti cha mtu.

Nafasi ya kwanza naipa NAPS2, ambayo ni ya bure na inapatikana kwa Windows, macOS na Linux. Ingawa imeundwa kwa ajili ya mashine za kuskani, hupokea pia picha zilizokwisha kupigwa: unaziingiza zote, unaziburuta hadi zikae kwa mfuatano, unainyoosha iliyopinda, unaongeza mwanga kwenye ile iliyopigwa asubuhi ya ukungu wa Julai, kisha unazihifadhi pamoja. Ukishaipakua, intaneti ikikatika kazi inaendelea. Ukihitaji maandishi yanayotafutika, hutumia Tesseract, mfumo wa kutambua maandishi ambao una data ya Kiswahili.

Ya pili tayari unayo ikiwa kompyuta yako ni ya Windows 10: ni Microsoft Print to PDF. Unachagua picha zote, unabofya kitufe cha kulia, unaagiza kuchapa, na badala ya printa unachagua jina hilo. Ni ya haraka kuliko zote, ila ina mtego ambao ulinifundisha kwa uchungu. Chini ya dirisha la kuchapa kuna kisanduku kinachoamuru picha ijaze fremu, nacho huwa kimewekewa alama tangu mwanzo. Picha isiyolingana na umbo la karatasi hukatwa kingo. Binti mmoja niliyemhudumia alirudi siku ya pili akiwa na PDF niliyomtengenezea mimi mwenyewe: cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa safi, lakini mstari wa juu wenye namba ya mtihani haukuwepo. Tuliirudia kazi mbele yake, bila malipo, nikiwa nimeondoa alama ile. Tangu siku hiyo ndicho kitu cha kwanza ninachokitazama.

Asiye na kompyuta atumie Google Drive kwenye simu ya Android, ambayo huskani kurasa moja baada ya nyingine na kuzihifadhi kama PDF moja. Mwenye iPhone anaweza kufanya hivyo ndani ya programu ya Notes. CamScanner inajulikana sana mitaani, lakini toleo lake la bure huweka alama yake kwenye kurasa, na mwaka 2019 watafiti wa Kaspersky walikuta programu hasidi ndani ya toleo lake la Android. Toleo hilo liliondolewa na lililosafishwa likarejeshwa, hata hivyo mimi siipendekezi kwa vyeti.

Tovuti kama iLovePDF na Smallpdf ni rahisi, nami sizikatai kwa picha za sherehe. Kwa cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha taifa, kumbuka kwamba nakala inasafiri hadi kwenye seva ya watu wengine, tena kwa bando lako.

Anayezoea kuandika amri kwenye kompyuta ajaribu img2pdf: huziweka picha za JPEG ndani ya PDF bila kuzibana upya, hivyo ubora haupungui hata kidogo, ingawa faili nalo huwa zito kama picha zenyewe. Adobe Acrobat Pro, inayolipiwa kwa mwezi au kwa mwaka, inafaa ofisi inayohariri maandishi ya PDF kila siku. Kuinunua kwa ajili ya kuunganisha picha tu ni kupoteza fedha.

Programu yoyote utakayochagua, zipe picha majina yanayoanza na 01, 02, 03, kwa sababu nyingine huiweka 10 kabla ya 2. Picha za iPhone za aina ya HEIC zigeuze kwanza kuwa JPEG, maana si kila programu inazifungua. Kisha fungua PDF vyeti vikiwa bado mezani, ukuze kila ukurasa hadi namba ya mtihani isomeke, ndipo upakie.