Kozi ya utafiti wa afya ya wazee, Moshi: nimelipa, nimesoma, haya ndiyo niliyoyakuta

Wenzangu wa udodosaji, tunaohoji watu kwa ajili ya tafiti, mmekuwa mkiniuliza kama ile kozi ya siku kumi inafaa kulipiwa. Inafaa. Ada ni laki tatu na nusu, chai na chakula cha mchana humo humo, malazi unajitafutia. Jina la taasisi silitaji kwa sababu nina manung'uniko mawili makubwa nayo na nimeshawaandikia wenyewe. Mkitaka kujiandikisha, niulizeni pembeni.

Kwanza mjue kilichonipeleka. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka tisa nimekuwa nikichukuliwa kwenye tafiti, karibu zote za wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka jana nikapata utafiti wa wazee. Wiki ya kwanza nilimhoji babu mmoja kwenye kibaraza chake, mimi nikiwa kushoto kwake, barakoa usoni, kishikwambi mapajani. Maswali ya kumbukumbu manane alinijibu "sijui" au akanyamaza, nikajaza hivyo hivyo. Wakati naaga, bibi akaniambia, "Mwanangu, hilo sikio la huku lilishakufa. Ungekaa upande ule." Majibu nilikuwa nimeshayatuma. Kwenye karatasi za utafiti ule kulikuwa na mzee aliyepoteza kumbukumbu, kumbe aliyekosea ni mimi niliyechagua kiti. Nilimweleza msimamizi wangu, akayafuta, lakini nilikosa usingizi nikiwaza wazee wangapi wameandikwa hivyo na watu kama mimi.

Siku tatu za mwanzo za kozi ni darasani, nami nitazipitia haraka kama nilivyotamani wao wazipitie. Takwimu, maadili, aina za tafiti. Kilichonishika hapo ni habari ya Hai, jirani zetu kabisa. Mwaka 2010 watafiti walikwenda vijiji sita vya wilaya hiyo wakawapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa kama asilimia 6.4 wakishasawazisha umri. Kabla ya hapo wengi tulikuwa tukisema ni uzee tu. Vipimo vilivyotoka Ulaya na Marekani vinamtaka mtu aandike sentensi na achore maumbo kwa kalamu. Bibi ambaye hakupelekwa shule anashindwa kabla hujaanza, na kushindwa kwake hakuhusiani na ubongo. Ndipo huko Hai kikatengenezwa kipimo kinachotumia njiti za kiberiti: unapanga njiti nne, naye anapanga zake zifanane na zako. Kuna kutaja wanyama kwa dakika moja, kutaja siku ya leo, jina la kiongozi wa kijiji. Baadaye kipimo hicho kilijaribiwa hadi Nigeria.

Siku ya nne wazee wakaja, kumi na wawili, na hapo ndipo pesa yangu ilipoanza kurudi. Mkufunzi wetu, mama wa makamo mwenye subira ambayo sijawahi kuiona kwenye mafunzo, hakuturuhusu kugusa dodoso asubuhi nzima. Alitufundisha kukaa. Mwanga umpige wewe usoni ili mzee aione midomo yako, kiti chako kilingane na chake, barakoa ishuke kama hakuna anayekohoa. Unaamkia, unasubiri marahaba yako, unauliza ya nyumbani. Halafu unamuuliza, "Bibi, nikae upande gani unisikie vizuri?" Swali hilo moja halimo kwenye dodoso lolote nililowahi kushika.

Mimi nilipewa bibi mwenye mikono iliyokakamaa viganjani kwa jembe. Nilipompangia njiti alizitazama kwa muda mrefu, hata nikaanza kuinua mkono nimsaidie. Mkufunzi akanishika bega. Bibi akachukua njiti moja, akaigeuza ili kichwa chekundu kielekee kilikoelekea changu, akaiweka. Ya pili vivyo hivyo. Alikuwa anapanga hadi vichwa vya njiti! Sekunde ambazo mimi niliziona za kuchelewa zilikuwa za umakini. Ningemsaidia, ningemharibia.

Presha nayo tumeipima maisha yetu yote, lakini ni nani kati yenu humpima mzee amelala, halafu akamsimamisha na kumpima tena ndani ya dakika tatu? Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, una mtu ambaye usiku akiamka kwenda chooni anaweza kuanguka. Na aliyepinda mgongo usimwandikie urefu wa kwenye ukuta. Unapima kutoka kisigino hadi goti, ukokotoe kutoka hapo. Vitu vyepesi, ila lazima mtu akuoneshe kwa mikono.

Umri ndio ulinifurahisha zaidi. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na miaka ya mdomoni inakwenda na haja, maana Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na matibabu bila malipo kwa wasio na uwezo yanafuata hapo. Tulifundishwa kutengeneza kalenda ya matukio: Marealle aliposimikwa kuwa Mangi Mkuu, yaani mtawala mkuu wa Wachagga, 1952, Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, vita ya Kagera. "Uhuru ulikukuta umeolewa?" Bibi wangu akacheka, akasema ulimkuta anachunga mbuzi na hajatoboa masikio. Kutoka hapo tulihesabu.

Na ridhaa. Kijana wake akisema "mpimeni tu", hiyo haihesabiki. Anayeridhia ni mzee mwenyewe, asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi, na akikataa unafunga daftari, unashukuru kwa kukaribishwa.

Sasa manung'uniko. La kwanza ni lugha. Maswali ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, yamefasiriwa neno kwa neno, na taasisi inayofundisha jambo hili haikupaswa kuyaacha hivyo. Swali moja linasema, "Je, unahisi maisha yako ni matupu?" Bibi akanishangaa: "Matupu vipi, na nyumba imejaa wajukuu?" Ikawa hana huzuni. Dakika kumi baadaye, tukinywa chai, akaniambia tangu azike binti yake hapati usingizi na chakula hakipiti. Nililipeleka darasani, wenzangu watano wakasema wao pia wamekutana nayo. Jibu tulilopewa ni kwamba dodoso haliguswi kwa kuwa lazima lilingane na la nchi nyingine. Naelewa kulinganisha. Utafiti wa Agincourt kule Afrika Kusini, uliohoji watu 5,059 wa miaka 40 na zaidi, una faida kwetu kwa sababu maswali yake yanaweza kuwekwa sambamba na ya kwingine. Lakini kinacholingana kiwe maana. Swali likisikika tofauti masikioni mwa bibi, mmelinganisha karatasi.

La pili limeniuma zaidi. Wazee wale walikuja kwa daladala na bodaboda, wakalipwa nauli siku ya mwisho badala ya siku ile ile. Babu mmoja wa miaka themanini na kitu alikaa kwenye benchi la nje hadi saa tisa akisubiri kusaini fomu ya posho, jua likimfuata. Sisi ndani tunasoma heshima kwa mshiriki. Nilitoka nikampa kiti changu na maji. Nami pia nilichelewa kutoka.

Siku za kishikwambi na kuingiza data ni nzuri kama hujawahi. Mwenye uzoefu ataboreka. Chakula ni cha kutosha, ndizi nyama ya Alhamisi ilikuwa safi. Darasa lina watu thelathini, na kwa vitendo ni wengi mno: waombeni mapema muwe kwenye kikundi cha yule mama.

Mwezi wa tatu nilirudi kwa yule babu wa kibaraza, nikakaa kulia kwake. Siku alijua, jina la mwenyekiti alijua na akaniongezea la aliyetangulia, wanyama akataja hadi nikapoteza hesabu kwa vidole.

Taasisi wamenijibu barua. Kuhusu dodoso wamesema watalijadili. Kuhusu nauli, wameahidi awamu ijayo wazee watafuatwa na gari na kurudishwa kabla ya saa sita. Nimewaomba niwepo siku hiyo ya nne, kwa gharama zangu, nione.