TAHADHARI: Muuza spea wa Nyakato mwenye ndoo ya maji

Nimekaa na hili jambo siku tisa bila kuandika, kwa sababu ya aibu. Mimi ambaye mkitaka kununua spea mnanipigia simu kwanza, mimi dereva wa lori wa miaka 19 barabarani, nimeingizwa mjini mchana kweupe kwa spea ya hita, kama mtu aliyeshuka na meli kutoka Ukerewe asubuhi hiyo hiyo. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Gari ni lile lile Fuso, sina haja ya kulieleza. Safari ya Mei mnaijua, ile ya kurudi na viazi kutoka Njombe, nilipoendesha nimejifunga blanketi la utingo kiunoni. Nikirudi nikasema mwezi wa saba sirudi kule bila hita ya kupasha joto kabini. Hapa Mwanza nani anaulizia hita? Miaka yote kile kitufe tunakiona cha urembo tu. Lakini ukivuka Makambako usiku wa Julai, ukungu unashuka barabarani, kioo cha mbele kinafunga kwa ndani, waipa inapangusa nje huku wewe unafuta kwa kiganja. Sasa hivi ninavyoandika najisikia baridi.

Mzee wetu wa Igoma, fundi wetu wa siku zote, alikuwa msibani Sengerema. Angekuwepo nisingekuwa naandika haya. Basi nikamwendea huyu fundi kijana aliyehamia karibu na ninapoegesha. Akawasha injini, akafungua hita, akaweka mkono kwenye matundu ya dashibodi, akatikisa kichwa kama daktari. "Imeziba hii, mjomba. Rejeta ya hita imekufa, maji hayapiti." Rejeta ya hita ni ile ndogo ya ndani ya dashibodi, inayopitisha maji ya moto ya injini ili feni ipulize joto. Nikaona inaingia akilini, maana kweli mimi naweka maji ya bomba, na nikikwama naweka hata ya ziwa, na kutu ya maji hayo inajulikana inavyoziba vile vijitundu. Akanielekeza duka. Akasema mwambie nimekutuma mimi, atakupunguzia.

Sasa ngoja niwaeleze nilivyomwamini huyo muuzaji, msinione mjinga kabisa. Kwanza ana fremu yake, siyo mtu wa kutembeza spea kwenye mfuko wa rambo. Pili mwaka jana nilinunua kwake brekishu na hazikuwa na neno. Tatu, nilipoingia tu akanisalimia "Mwadila, baba", kwa Kisukuma kilichonyooka, tukaulizana kwetu wapi, kumbe kwao na kwetu ni kuvuka mbuga moja. Akaniagizia chai na chapati mbili. Nimekula chapati za mtu, nitamshuku vipi?

Halafu ikaja ile ndoo. Ndiyo iliyonimaliza.

Akashusha kutoka shelfu ya juu kifurushi kimefungwa kwa gazeti la Kijapani (au Kichina, mimi nitajuaje). Akakifungua taratibu, akasema hii imetoka kwenye gari lililokatwa Japani, haijaguswa na fundi. Rejeta ya hita ya shaba, njano imetulia, mapezi yake yamenyooka hakuna hata moja lililolala. Akaniambia, "Mzee, mimi siuzi maneno." Akavuta ndoo ya bluu ya lita 20 iliyojaa maji, akaziba bomba moja kwa mpira, la pili akachomeka hosi ya kompresa, akazamisha ile kitu yote majini. Upepo ukaingia. Tukainama wote wawili juu ya ndoo, vichwa vinakaribia kugongana. Hakuna povu. Hata moja. Akaigeuza upande wa pili, hakuna. Akaitoa inachuruzika, akanikabidhi mikononi. "Shika mwenyewe." Nikaishika. Nikalowa mpaka kwenye vifundo. Nikasema funga.

Bei 180,000. (Wifi yenu anajua 80,000, naomba ibaki hivyo.)

Akampa kijana wake, "Mfungie mzee, ni mtu wa nyumbani." Kijana akaingia nyuma ya pazia. Mimi nikashusha miwani, nikaanza kuandika lipa namba, mtandao ukasumbua, nikarudia, nikaingiza namba ya siri, meseji ikaja. Dakika tatu, labda nne. Nikiinua macho kifurushi kiko kaunta, gazeti lile lile, seloteipu ya kahawia, kwenye mfuko mweusi. Nikaupima mkononi, nikajiridhisha. Nikashukuru! Nimemshukuru mtu, nikampa mkono.

Fundi akaifunga mchana huo. Mimi sikuifungua wala sikuiona ikifungwa, nilikuwa Mwaloni nahangaika na mzigo wa dagaa. Hita yangu ya zamani nilimwachia, akasema ni chuma chakavu tu. Ufundi 70,000. Nilivyorudi akawasha, hewa ya vuguvugu ikatoka, nikafurahi. Hewa ya vuguvugu, Mwanza, saa nane mchana! Hata ukipulizwa na feni ya kinyozi utapata vuguvugu.

Tukaondoka. Shinyanga, Singida, Dodoma, hakuna shida. Kupanda Nyang'oro na mzigo nikaanza kusikia harufu tamu tamu ndani, kama peremende iliyoyeyuka. Safari hii nilikuwa nimeweka kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta yenye harufu ya utamu, nimejitutumua. Utingo akasema labda ni mizigo ya wenzetu. Kioo kikaanza kuwa na utando wa mafuta mafuta ambao ukifuta unasambaa. Hizo zote ni dalili za rejeta ya hita kuvuja, na mimi nazijua, na nikaendelea kukanyaga mafuta kwa sababu nilijiambia kitu nilichokiona kwa macho yangu ndani ya ndoo hakiwezi kuvuja.

Baada ya Mafinga, saa tano usiku, ikapasuka. Kwenye Fuso ile kitu inakaa upande wa abiria, kwa hiyo maji yote yalimwendea utingo miguuni. Alivyopiga kelele nilidhani tumegonga mtu. Mguu wa kushoto umebabuka kuanzia kifundo hadi nusu ya muundi, na kabini yote imejaa mvuke, sioni mbele, nimesimamisha gari kwa kubahatisha ukingo wa barabara. Tuna familia sisi.

Tukajikongoja mpaka Makambako kwa kuongeza maji kila tukisimama. Asubuhi fundi wa pale akafungua dashibodi, akaitoa. Jamani. Ilikuwa ya aluminiamu, siyo shaba. Kona mbili zimezibwa kwa gundi ya chuma, ikapigwa msasa, ikapuliziwa rangi ya dhahabu ya kopo ili ing'ae. Joto na presha ya mlima vimeilainisha gundi ikabanduka kama ngozi ya maziwa.

Na hapo ndipo nikakumbuka gazeti. Hita tuliyoijaribu ilitoka majini inachuruzika, mikono yangu ililowa. Kifurushi nilichopewa kilikuwa kikavu. Kikavu kama unga. Nilikibeba kwapani mpaka kwenye gari na shati halikulowa. Yaani dalili nilikuwa nimeikumbatia.

Ile nzuri haiuzwi, ndiyo ya kuoneshea. Inarudi kwenye shelfu, inafungwa gazeti, inamsubiri mwingine mwenye miwani.

Lakini hilo siyo linaloniuma zaidi. Yule fundi wa Makambako, kabla hata ya kufungua chochote, aliniuliza mshale wa joto huwa unakaa wapi. Nikamwambia kwa majivuno, gari langu halijawahi kuchemsha, mshale haufiki hata robo. Akacheka. Akafungua pale inapokaa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende rejeta kubwa mpaka injini ipate moto, akaniita nione. Patupu. Fundi fulani, miaka hiyo, aliing'oa akaitupa, kama wanavyofanya wengi wakiona gari linachemsha. Bila themostati maji yanazunguka rejeta kubwa muda wote, injini haipati joto lake, na kwenye baridi la Njombe hita itapuliza nini? Inaenda kuchota joto ambalo halipo. Na dizeli ndiyo inaliwa zaidi, nikakumbuka malalamiko yangu yote ya mafuta. Kifaa cha 40,000. Hita yangu ya zamani ilikuwa nzima! Haikuwa na kosa lolote, na nimemwachia mwizi kwa hiari yangu. Pengine sasa hivi ndiyo iko kwenye ndoo ya bluu.

(Kutokuwa na themostati ndiko kulikomwokoa utingo pia. Maji hayakuwa ya moto kamili. Sijui nicheke au nilie.)

Akanifungia themostati mpya, mipira miwili ya hita akaiunganisha kwa kipande cha bomba na klipu ili maji yasipite kabini, nikaenda Njombe na kurudi bila hita, tukipaka kioo kiazi kilichokatwa kila baada ya kilomita kadhaa. Kiazi kinasaidia kuliko unavyodhani. Mzigo wetu wa viazi ulipungua kidogo, mwenye mali anisamehe.

Nimerudi dukani. Chai haikuwepo. "Mzee, hii mimi siijui." Risiti niliyopewa imeandikwa kwa kalamu "spea", basi, haisemi spea gani wala ya gari gani. Yule kijana wa pazia eti ameenda kwao. Yule fundi kijana naye amehama, simu haipatikani. Nimeripoti polisi, na hiyo rejeta nimeitunza nimshitaki nayo muuzaji kwa FCC, yaani Tume ya Ushindani, kwa sababu kuuza bidhaa bandia ni kazi yao hao. Nimeshauriwa nisitaje jina wala duka wakati suala linashughulikiwa, ndiyo maana sitaji. Ila wanaopita Nyakato ndoo mtaiona.

Huyu mtu afungiwe biashara. Siyo faini, faini atailipa kwa pesa zetu. Afungiwe, na kabla ya kufungiwa apandishwe kwenye Fuso usiku wa Julai, akae kiti cha utingo, ifungwe hiyo hita yake, tupande naye Nyang'oro kisha tuendelee mpaka Makambako. Na yule fundi kijana akae katikati ashike mipira ya hita. Wizi wa pesa nausamehe, nimeshaibiwa sana. Lakini kumwekea mtu bomu miguuni na kumnywesha chai?

Sasa mtaniuliza mfanyeje. Fundi akisema hita imeziba, mwambie ashike mipira miwili ya hita injini ikiwa imepata moto. Mmoja unaunguza na mwingine baridi, hapo kweli imeziba au kuna upepo umenasa. Yote miwili vuguvugu, angalieni themostati kwanza. Yote miwili ya moto na ndani bado baridi, shida iko kwenye feni au kile kijilango kinachogeuza hewa. Asiyeshika mpira, ondoka. Mkinunua, kitu kisitoke machoni penu hata kama mtandao unasumbua, kwaruza alama kwa msumari, lipa ukiwa umekikalia. Na chakavu chenu ondokeni nacho. Mengine nitaongeza nikitulia.

Utingo anaendelea vizuri, kidonda kimeanza kukauka, wiki ijayo atarudi kazini ila amesema kushoto hakai tena mpaka aione hita kwa macho yake. Anayejua mtu mwenye rejeta ya hita ya Fuso, ya shaba, na yuko tayari nikae nayo mapajani huku nalipa, anitafute.