Mazoezi kituoni au nyumbani: tulivyopima Bukavu

Mdogo wangu alipoumia ubongo kwa ajali ya pikipiki, familia iligawanyika: apelekwe kituoni kila siku, au afanyie mazoezi nyumbani, mtaa wa Kadutu hapa Bukavu?

Kituoni, mtaalamu wa kinezi, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, anaona kosa ambalo jicho la mama halioni, kama bega linaloinuka kila mguu unapokokotwa. Kuna vyuma vya kushikilia na ngazi fupi za kujifunzia kupanda. Lakini Bukavu ni vilima, na mvua ikinyesha njia huwa matope. Ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi. Mara nyingi alifika nguvu zimekwisha kabla hajaanza.

Nyumbani, zoezi ni maisha yenyewe: kufunga vifungo vya shati, kumenya ndizi, kuhesabu pesa za sombe (kisamvu). Dakika 10, apumzike, arudie, kwa maana kurudia ndiko kunakoufundisha ubongo njia mpya. Neno likimpotea tunamngoja, au tunauliza swali la ndiyo na hapana. Hatari ya nyumbani ni huruma. Mama aliendelea kumlisha kwa kijiko hata mkono ulipoanza kushika, na ilinichukua wiki kumwomba aache. Hasira za mdogo wangu nazo zilitutoa machozi sana, mpaka tulipoelewa kwamba zinatoka kwenye jeraha.

Mimi nachagua kituo mara 2 kwa wiki katika miezi ya kwanza, maendeleo yakiwa ya haraka, na mama aende naye ajifunze. Siku zilizobaki, nyumbani. Akipata degedege, au akitapika huku kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali saa ileile.