Vitabu vitatu vya majani nilivyoshuka navyo bondeni

Nafundisha biolojia hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na kila mwaka napeleka wanafunzi bondeni upande wa Katana. Maua hayanisumbui. Kinachonitoa jasho ni yale yanayofanana yote: nyasi, ndago, mafunjo, na kangaga za kando ya mitaro. Ndiyo maana nimejaribu vitabu vitatu vya kutambulia mimea.

Kitabu cha kwanza nilikinunulia picha. Karatasi inang'aa, dola 20 zikaenda. Siku hiyohiyo nikalinganisha picha na mmea mbele ya wanafunzi, nikatangaza kwamba ni nyasi. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia viazi akacheka: "Mwalimu, hiyo ni ndago. Shika shina." Nikalizungusha vidoleni: pembe tatu kabisa. Picha ilipigwa kwa mbali, unaona kijani na masuke basi. Siku hizi kabla sijalipa nafungua kwanza kurasa za ndago. Nisipoona mchoro wa mbegu na wa shina lililokatwa, nakirudisha mezani kwa muuzaji.

Cha pili kililetwa na shemeji kutoka Ubelgiji. Ni cha mimea ya Ulaya ya kaskazini-magharibi, lakini michoro yake, jamani! Kiulimi kile kinachokaa pale jani linapoachana na shina kimechorwa kikubwa, nyasi moja baada ya nyingine. Nilikijaribu kwenye ukoka wa uwanja wa shule, Cynodon dactylon, na lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, ikanionyesha ukingo wa nywele fupi kama kilivyosema. Kangaga ya milimani, Pteridium aquilinum, nayo imo: geuza jani, utaona ukingo uliojikunja kufunika spora. Ukikanyaga maji tu, kinakuacha. Ndago za kundi la Carex zimejaza kurasa, za kundi la Cyperus zimebanwa pembeni, na mafunjo hayamo kabisa. Tena ukijibu maswali yake moja moja kitakufikisha kwenye jina, hata kama mmea ulio mkononi haujawahi kuota Ulaya. Wanafunzi wangu wawili waliingia mtego huo, wakabishana nami hadi jioni.

Kwa ndago sasa nategemea kitabu cha tatu, juzuu la 2010 la Flora of Tropical East Africa, mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki. Liliandikwa kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania, ila ndago hazina pasipoti, na nyingi za huko nazikuta huku. Rangi hakuna, ni wino mtupu, Kiingereza chake kigumu, na mfukoni haliingii. Nimezipiga picha kurasa za Cyperus kwa simu. Mvua ikianza, simu inaingia kwenye mfuko wa plastiki na kazi inasimama.

Kama una pesa ya kitabu kimoja, chukua chenye michoro, hata kiwe cha mbali. Pesa ya kitabu cha picha nunulia lupu ya kukuza mara 10, uifunge kamba shingoni. Yangu ya kwanza haikuwa na kamba. Bado imo kwenye matope ya Katana.