Kamusi ya Oxford kwa anayesoma Shakespeare: inafaa sana, ila ijue tabia yake

Maneno yanayomwangusha msomaji wa Shakespeare, au wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, si yale mageni. Neno geni humsimamisha, akalitafuta. Yanayomwangusha ni yale anayodhani anayajua. Katika Julius Caesar, tendo la tatu, Decius anataka Metellus Cimber aende "presently prefer his suit to Caesar". Mwanafunzi ataona "kwa sasa", "pendelea" na "suti". Decius anasema: aende mara moja akawasilishe ombi lake kwa Kaizari. Maneno matatu ya kila siku, na yote yamebeba maana nyingine.

Kamusi zetu za Kiingereza–Kiswahili hazikutungwa kwa kazi hii. Zinafasiri Kiingereza cha leo. Chombo cha kazi hii ni Oxford English Dictionary, na hapa tunaipima kwa jambo moja tu: inamfaa vipi mtu mwenye matini ya zamani mkononi?

Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884, kamusi nzima ikakamilika 1928. Toleo la pili la 1989 lina juzuu 20, na tangu 2000 ipo mtandaoni. Nguvu yake ni nukuu: kila maana imewekewa sentensi za waandishi halisi, kila sentensi na mwaka wake. Maana hupangwa kuanzia ya kale zaidi. Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea, kwa sababu tumezoea kamusi ambazo maana namba moja ndiyo inayotumika sana. Humu namba moja inaweza kuwa maana iliyokufa kabla Shakespeare hajazaliwa.

Chukua "let". Hamlet anashikwa na wenzake asiufuate mzuka wa baba yake, naye anaapa kumgeuza mzuka yeyote "that lets me". Ukisoma kwa Kiingereza cha leo, anamtisha anayemruhusu. Andika neno hilo kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa vidahizo (maneno yanayofafanuliwa na kamusi) kadhaa vyenye tahajia moja, nomino na vitenzi, vikitofautishwa kwa namba ndogo. Wengi hubofya cha juu na kuishia hapo. Kitenzi cha kwanza ndicho cha kuruhusu. Cha pili ni cha kuzuia, nacho ndicho cha Hamlet. Zamani vilikuwa vitenzi viwili, lætan na lettan, ambavyo matamshi yake yalikuja kukutana. Hicho cha pili ndicho pia cha 2 Wathesalonike 2:7 katika Biblia ya 1611, na nomino yake ingali kwenye pasipoti ya Uingereza: "without let or hindrance". Kwa hiyo, kabla ya kusoma fasili yoyote, pitia orodha nzima ya vidahizo.

Ukishaingia kwenye kidahizo, anza na miaka, fasili baadaye. Ondoa kila maana iliyoanza baada ya matini yako kuandikwa. Kisha ondoa zilizokoma zamani mno kabla yake. Alama ya msalaba (†) inaonyesha maana iliyokufa. Msomaji wa Kiingereza cha leo huiruka, lakini wewe usiiruke, maana mara nyingi ndiyo unayoitafuta. Zikibaki mbili tatu, amua kwa sarufi: kitenzi kina yambwa? Yambwa ni mtu au kitu? Kinafuatwa na kihusishi gani? "Prefer" ya Decius ina ombi kama yambwa, kisha "to" na mtu. Muundo huo peke yake unaifukuza maana ya kupenda. Mwisho soma nukuu za karibu na wakati wa mwandishi wako. Si ajabu kuikuta sentensi yako yenyewe imo.

Miaka yenyewe nayo ina mtego. Tamthilia za Shakespeare zilizochapishwa mara ya kwanza katika mkusanyiko wa 1623 huwekewa "a1616". Herufi hiyo ina maana ya "kabla ya au mnamo", na 1616 ni mwaka aliofariki Shakespeare. Julius Caesar iliandikwa yapata 1599, kwa hiyo usijenge hoja ya tofauti ya miaka kumi juu ya tarehe hiyo. Wala usitangaze kwamba Shakespeare ndiye aliyelibuni neno kwa kuwa nukuu yake ndiyo ya kwanza. Wakusanyaji wa karne ya 19 walimchambua yeye kuliko waandishi wengi wa rika lake, na tangu vitabu vya kale viingizwe kwenye kompyuta, nukuu za mapema zaidi zimeendelea kupatikana.

Kipimo cha wingi wa matumizi, chenye ngazi nane, kinahusu Kiingereza cha kisasa. Kipuuze.

Kinachotukera zaidi ni ubora usiolingana. Masahihisho ya toleo la tatu, ambalo bado linaandaliwa, yalianza kwa herufi M na kufika R, kisha yakatawanyika. "Presently" na "prefer" zimeshapitiwa. Kwingine bado utakuta fasili za enzi za Malkia Victoria, zenye Kiingereza kigumu kama kile unachojaribu kukielewa. Angalia maelezo ya kidahizo yanayosema kimesahihishwa lini kabla ya kukitegemea.

Mfasiri atafaidi tesarasi yake ya kihistoria (orodha ya maneno yaliyopangwa kwa maana), iliyotokana na mradi ulioanza Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1965. Inakuonyesha maneno mengine ambayo mwandishi angeweza kuyatumia wakati ule, na hivyo uzito wa lile alilolichagua.

Kamusi ni ya kulipia, na hapo ndipo wasomaji wetu wengi hukwama. Bila kulipa unapata muhtasari tu, bila orodha kamili ya maana. Uliza kwanza maktaba ya chuo. Walioko Uingereza wajaribu kadi ya maktaba ya mtaa. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755 ipo mtandaoni bure na inatosha kwa riwaya za karne ya 18, ila nukuu zake hazina miaka. Na ukikuta chapa ndogo ya Oxford kwa muuza vitabu vya mitumba, chagua ile ya 1971 yenye juzuu mbili: kila ukurasa umebeba kurasa nne za asili. Ile ya 1991 imebeba tisa. Hakikisha kioo cha kukuzia kimo ndani ya boksi.