Njano hiyo ni Colias au Eurema?

Ukimwona kipepeo mdogo wa njano akiruka chinichini kwenye nyasi za miombo ya Tabora, mimi naweka dau kwa Eurema, kundi la vipepeo wadogo wa njano. Colias, kundi la vipepeo wa njano na chungwa lenye spishi zaidi ya 80, wengi wao ni wa nchi za baridi, hadi karibu na Aktiki. Huku kwetu Afrika anayejulikana zaidi ni Colias electo, mpenda nyanda za juu.

Colias ana mwili imara na huenda mbio kama aliyechelewa treni. Electo dume ni chungwa iliyokolea, na ukingo mweusi mpana. Majike wengine hutoka weupe, hapo ndipo watu hupotea. Colias na Eurema wote hutua wamekunja mbawa, kwa hiyo tazama chini ya bawa la nyuma: Colias ana doa la rangi ya fedha lenye duara jekundu. Eurema hana.

Eurema naye ana vituko vyake. Eurema brigitta hubadilika kwa msimu. Wakati wa mvua ukingo wake mweusi umekolea. Kiangazi upande wa chini hugeuka wekunduwekundu wenye vidoa, akikaa kwenye majani makavu humwoni.

Viwavi wa hao wawili hula zaidi mimea ya jamii ya kunde. Wa electo hushambulia hata alfalfa ya mifugo. Wa brigitta hushughulika na mimea ya porini, hana kesi na mfugaji.

Kwa picha ya simu, mtafute Eurema kwenye tope baada ya mvua.